Picha nne za safari kwa ukuta wa hoteli: zipi zibaki, zipi zitoke?

Fundi wa Kibuye

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi cherehani, meza yangu iko Kibuye hapa Kisumu, na kazi yangu kubwa ni sare: za shule, za kwaya, za vikundi vya akina mama. Zikiisha nazipeleka mwenyewe. Ndivyo ninavyofika Kakamega, Kericho na Nakuru, na kila nikisafiri kamera iko kwenye mkoba, juu ya nguo zilizokunjwa. Ni kamera ya mtumba yenye lenzi ya 18-55, isiyovuta mbali. Isipofaa, natumia simu.

Sasa dada yangu amefungua hoteli ndogo ya samaki upande wa kwenda Dunga. Ukuta mmoja ameuacha mtupu akaniambia, "Huu ni wako, tundika picha nne." Furaha ninayo, na wasiwasi pia ninao. Watakaokula pale ni wavuvi wanaomletea ngege na mbuta, akina mama wa omena (dagaa wetu), makondakta, na watu wa mjini wanaokuja Jumapili na watoto wao. Hao wote ziwa wanalijua. Picha ikiwadanganya watajua kabla ugali haujafika mezani.

Nikiweka picha kwenye status napata "moto!" na "kali sana dada". Nashukuru kwa upendo huo, lakini mteja akivaa gauni mbele yangu nikamwambia tu limempendeza, sijamsaidia. Anataka kujua bega limekaa vibaya wapi. Nami nataka hivyo hivyo kutoka kwenu. Niambieni jicho lenu limeanzia wapi, limekwama wapi, na picha ipi hamngependa kukaa chini yake mkila.

Nimeziambatisha sita:

Picha ya 1. Dunga, machweo. Mashua yenye tanga inatoka, watu watatu ndani, wote weusi tii mbele ya jua. Maji ni rangi ya chungwa. Hii ndiyo watu huipenda kuliko zote.

Picha ya 2. Mama anaanika omena, Dunga hapo hapo, saa sita mchana. Amevaa leso ya manjano yenye korosho nyekundu na kofia pana ya ukindu. Leso imetoka vizuri sana. Uso umemezwa na kivuli cha kofia.

Picha ya 3. Kit Mikayi, jiwe lote kutoka chini hadi juu.

Picha ya 4. Mbega, msitu wa Kakamega, juu mtini.

Picha ya 5. Flamingo, Ziwa Nakuru. Nilikuwa mbali, kwa hiyo ni mstari wa waridi tu.

Picha ya 6. Ziwa Nakuru tena. Miti iliyokufa imesimama ndani ya maji, mnandi amekaa juu ya mmoja. Hii nimeiweka mwisho kwa sababu dada yangu anasema inahuzunisha. Mimi siwezi kuiacha.

---

Safari Njema

Zote ziko sawa dada, tundika zote sita! Ukuta hauna kipimo.

---

Mwana wa Mvuvi

Dada fundi, nimekulia kwenye bichi, kwa hiyo nitasema ninachokiona mimi. Wengine watakuja na habari za lenzi.

Picha ya 1 nimeitazama muda mrefu. Jicho langu halikwenda kwenye jua, lilikwenda kwenye vile vitu viwili vilivyosimama nyuma ya mashua. Nadhani ni taa. Kama ni taa, basi hao wanakwenda kuvua omena, maana omena huvuliwa usiku wa giza, taa zinawashwa juu ya maji, samaki wanaufuata mwanga, ndipo wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, taa haina nguvu mbele ya mwezi. Kwa hiyo picha yako ina habari kubwa ndani yake: watu wanaanza kazi saa ambayo sisi wengine tunaimaliza. Lakini umeipiga kwa namna ambayo taa zimekuwa vijiti viwili vyeusi. Mtu asiyejua ataona machweo mazuri, basi. Mvuvi akiingia hotelini ataona mashua na kuuliza ni ya nani, na hapo hana jibu. Jina lililopakwa ubavuni halisomeki, nyuso hazionekani.

Si kwamba ni mbaya. Nasema tu kwamba kwa ukuta ule, wenye watu wale, mimi ningerudi Dunga asubuhi. Fikiria: bichi inatazama magharibi, ndiyo maana machweo ni mazuri. Asubuhi jua linatokea nyuma yako, upande wa nchi kavu, linawapiga usoni wanaorudi. Mashua za omena zinaingia alfajiri na mapema asubuhi. Wachuuzi wameshafika na beseni, bei inapigwa kabla mashua haijafungwa. Hapo utapata jina la mashua, rangi zake, nyuso, na samaki wanaong'aa kama walivyo. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili ikishapita umechelewa, hapa kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima na kivuli kinarudi chini ya macho ya watu.

Na upitie kwanza ofisi ya BMU, kamati inayosimamia bichi. Waeleze unataka nini na picha inakwenda wapi. Watu wa Dunga wamepigwa picha na wageni miaka mingi bila kuiona hata moja. Ukisema itatundikwa umbali wa kutembea kwa miguu, na kwamba wanaweza kuja kujiona, mambo yanabadilika.

Picha ya 2 usiitupe. Hiyo leso peke yake ni Dunga tupu.

---

Mzee wa Menengai

Binti yangu, salamu kutoka Nakuru. Nimestaafu, kamera ndiyo inayonitoa nyumbani asubuhi, na hili ziwa letu nimelipiga picha tangu enzi za filamu.

Nianze na picha ya 6, kwa sababu ninyi nyote mnaiogopa. Ndiyo picha bora uliyoleta.

Nitaeleza. Picha ya 5 inaonyesha Ziwa Nakuru la kwenye kalenda. Zamani ukisimama Baboon Cliff uliona ukingo mzima umekuwa waridi. Flamingo wale wadogo wanakula mwani unaoota kwenye maji ya magadi. Ziwa hili halina njia ya kutokea: mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingia, na maji yanaondoka kwa kukauka tu. Kuanzia mwaka 2010 hivi likaanza kupanda, likapanda mno. Maji matamu yakazidi, magadi yakapungua nguvu, chakula cha flamingo kikapungua. Wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Lango kuu la zamani la hifadhi likaingiliwa na maji, likabidi lihamishwe. Na ile migunga ya manjano iliyokuwa ufukweni ikafa imesimama. Hiyo ndiyo miti yako.

Kwa hiyo mtu akipiga flamingo leo amepiga kilichobaki. Wewe umepiga kilichotokea, na umekipiga vizuri: vigogo havijabanana, kila kimoja kina nafasi yake ya maji, na mnandi umemweka pembeni, hukumweka katikati. Sijui kama ulifikiria au mkono ulijua wenyewe. Ningebadili kitu kimoja. Kona ya juu kulia kuna kipande cha wingu jeupe sana, jicho linavutwa huko bila sababu. Kata kidogo kutoka juu. Usikate kutoka chini, ule mwakisiko wa vigogo ndani ya maji ndio unaoshikilia picha nzima.

Sasa, kuhusu picha ya 1, sikubaliani na kijana wa mvuvi kwa asilimia mia. Umbo jeusi mbele ya mwanga si kosa. Lina kazi yake: linakuonyesha tanga lilivyokatwa, mgongo wa mtu ulivyopinda akivuta kasia. Swali ni kama maumbo yametengana. Hapa mbele yuko mtu mmoja anayesomeka vizuri, lakini wawili wa nyuma wameshikana, wamekuwa kiwiliwili kimoja chenye vichwa viwili. Ungesubiri sekunde chache mashua igeuke, wangeachana. Halafu mstari wa maji umeinama kulia. Kidogo, lakini ziwa haliinami. Hilo la pili unaweza kulirekebisha leo. La kwanza huwezi.

Picha ya 3: jiwe lile lina urefu wa takriban mita 40, lakini kwenye picha yako lingeweza kuwa na mita nne. Hakuna kitu cha kulipima. Mtu mmoja tu chini yake angetosha.

---

Fundi wa Kibuye

Erokamano Mwana wa Mvuvi, na asante sana Mzee. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Zile ni taa kweli, nimekuza nikaona. Nilipokuwa pale macho yangu yote yalikuwa kwenye maji.

Mzee, picha ya 3 ina sababu yake. Pale Kit Mikayi siku ile kulikuwa na waumini wanasali chini ya jiwe, wengine wamelala kifudifudi, wengine wanaimba. Nilingoja wasogee ndipo nikapiga, maana mtu anayesali hajaniita nimtazame. Kwa hiyo jiwe likabaki peke yake. Bado naona nilifanya sawa kuwaacha. Lakini nakubali kwamba bila mtu jiwe limekuwa dogo.

Juu ya picha ya 6 nina swali. Hoteli ni mahali pa kufurahi. Mtu amekuja na watoto, ameagiza samaki wa kukaanga, anainua macho anakutana na miti iliyokufa. Je, haitamwondolea hamu? Dada yangu ndiye mwenye hoteli, na ananiuliza hivyo kila siku.

Na mbega je? Hakuna aliyemgusa mbega wangu.

---

Msitu Asubuhi

Mbega niachie mimi. Nafanya kazi ya kuongoza wageni katika msitu wa Kakamega, na picha kama hii naiona kila wiki: mnyama mweusi na mweupe, juu kabisa mtini, nyuma yake anga jeupe. Kamera inaona anga lile lote, inadhani mahali pana mwanga mwingi mno, inapunguza. Mbega anakuwa doa. Umepata mkia mzuri, ule mweupe unaoning'inia, lakini uso haupo.

Kuna mambo mawili. La kamera ni rahisi: tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, panda hadi moja na nusu au mbili upande wa kujumlisha. Anga litapotea liwe jeupe kabisa, liache lipotee, hukuja kupiga anga. Nywele nyeusi zitaanza kuonyesha nyuzi zake. Kwa kuwa msituni mwanga ni mchache, usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 1600 au 3200. Chembechembe kidogo kwenye picha zinavumilika, mnyama aliyetikisika havumiliki. Shata, yaani muda kamera inaofungua jicho, isiwe ndefu kuliko sehemu moja ya 250 ya sekunde.

La miguu ndilo kubwa zaidi. Usisimame chini ya mti ukatazama juu. Tafuta mteremko, mahali ambapo ukisimama wewe uko sawa na vilele vya miti ya bondeni. Hapo nyuma ya mbega panakuwa na majani ya mti mwingine badala ya anga. Na njoo mapema. Baada ya usiku wa baridi mbega hupanda juu kuota jua, wanakaa wametulia, manyoya meupe ya mgongoni yamefunguka. Alasiri mara nyingi mvua inakuja na wewe na mbega wote mnatafuta pa kujificha.

Kwa lenzi ya 55 hutampata uso wote, nasema wazi. Basi usimtafute uso. Piga mti mzima, mkubwa, wenye mizizi na mitambaazi, na mbega mdogo ndani yake. Msitu huu ni kipande cha mwisho hapa Kenya cha misitu ya mvua ya aina ya kule Kongo. Mti wenyewe unastahili ukuta, na mbega atakuwa kipimo chake, kama Mzee alivyosema kuhusu jiwe.

Hii uliyonayo sasa, toa.

---

Mwana wa Mvuvi

Narudi kwa swali la miti iliyokufa. Dada, unawajua wateja wako kuliko unavyofikiri. Mei 2020 ziwa letu hapa lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa kabla yake. Nyumba za ufukweni ziliingiliwa na maji, mabanda ya kuuzia samaki yakafunikwa, watu wakalala shuleni. Mvuvi akiona picha ya 6 hatauliza ni huzuni ya nani. Atasema, kumbe na Nakuru pia. Watazungumza. Mimi ningependa kula mahali ambapo ukuta unanipa la kuzungumza na mtu wa meza ya pili.

Lakini usiiweke juu ya meza ya watoto. Iweke karibu na mlango au pale anapokaa mtu mmoja mmoja.

---

Chapa Safi

Mimi ni wa duka la kuchapisha picha, na hapa ndipo mambo mengi mazuri huharibika, kwa hiyo niseme mapema kabla hamjamaliza kuchagua.

Dada fundi, usinitumie mimi wala mwenye duka yeyote picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabanwa. Faili la kamera yako ya megapikseli 24 lina pikseli 6000 kwa 4000. Kwa karatasi ya A2 unapata karibu nukta 250 kwa kila inchi, ambayo ni safi kabisa kwa ukuta. Faili hilo hilo likibanwa upande mrefu ukabaki na pikseli 1600, hata kwa A3 unabaki na nukta chini ya 100 kwa inchi. Kwenye simu hutaona tofauti. Ukutani utaiona ukiwa mlangoni. Tuma kama hati, au lete kadi yenyewe.

Pili, skrini inawaka, karatasi haiwaki. Picha inayoonekana sawa kwenye simu iliyowekwa mwanga wa juu hutoka nyeusi kwenye karatasi. Kwa picha zenye nyuso zetu hili ni zito: rangi ya ngozi ikizama giza kidogo tu, macho yanapotea. Kwanza punguza mwanga wa simu hadi nusu, halafu angalia uso. Usipoona vizuri, inua maeneo ya giza, usiinue picha nzima, maana leso ya manjano itaungua. Omba kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuchapisha kubwa. Duka zuri halitakataa.

Tatu, hoteli ya samaki ina mvuke na mafuta. Picha ya wazi bila kioo itakuwa na utando ndani ya miezi michache na huwezi kuupangusa. Weka fremu yenye kioo, lakini kuwe na karatasi nene ya pembeni inayoitenganisha picha na kioo. Zikigusana, unyevu unazigandisha, siku ukitaka kuitoa inachanika. Chagua karatasi isiyong'aa. Na usitundike mahali jua la alasiri linapoingia moja kwa moja kupitia mlango, rangi zitapauka.

Kuhusu nyuso: hoteli ni biashara. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Pata ridhaa yake, afadhali kwa maandishi mafupi, aelewe inatundikwa wapi. Mtoto, mzazi wake ndiye akubali. Sisemi kukutisha. Nasema kwa sababu nimeona picha nzuri zikishushwa ukutani.

---

Mzee wa Menengai

Kijana wa mvuvi amenishinda kwenye hoja ya 2020, sikuwa nimeifikiria hivyo.

Binti, neno moja juu ya picha ya 2 kabla hujarudi kwa yule mama. Kofia si adui. Mwanga wa saa sita unatoka juu, kwa hiyo unahitaji mwingine unaotoka chini. Wewe ni fundi, vitambaa unavyo. Beba mita moja ya kitambaa cheupe kisicho na maua, mtu akishike chini ya kifua cha mama, nje ya picha, kikielekea jua. Utaona uso unafunguka chini ya kofia. Usitumie cha manjano wala bluu, ngozi itachukua rangi hiyo. Na omena wenyewe waliotandazwa wanarudisha mwanga, hasa wakiwa wabichi. Akiinama juu yao, mpige wakati huo.

---

Fundi wa Kibuye

Narudi na habari. Nimekwenda Dunga asubuhi, kama nilivyoshauriwa. Nilipitia BMU, wakanipa kijana wa kunitembeza, na kabla sijatoa kamera nilionyesha picha ya 1 kwa wazee waliokuwa wanashona nyavu. Wakaitambua mashua! Kwa kukata kwa tanga tu. Wakabishana kidogo kisha wakakubaliana ni ya nani, na mwenyewe akaitwa. Alikuwa ametoka majini usiku huo huo. Aliishika simu yangu kwa muda, akacheka, akanionyesha yeye ni yupi kati ya wale wawili waliogandana. Nikamuuliza kama anataka iwe ukutani. Akasema ile ya jioni hapana, hajionekani, lakini nimpige sasa.

Basi nimempiga. Picha ya 7 nimeiambatisha. Mashua imeshafika, tanga bado limejaa upepo kidogo, yeye amesimama mbele na kamba mkononi, jina la mashua linasomeka lote, taa mbili ziko nyuma yake na vioo vyake vinaonekana. Jua liko nyuma yangu.

Mama wa omena pia nilimkuta. Kitambaa cheupe kilishikwa na binti yake. Mzee, sikuamini. Macho yake yote yako kwenye picha, na mikunjo ya kucheka, na kofia haijatoka kichwani. Hii ni picha ya 8. Alikubali itundikwe kwa sharti moja, kwamba yeye apewe nakala ya kwake ya ukubwa ule ule, na nimekubali. Wote wawili wameandika majina na kutia sahihi kwenye daftari langu la vipimo.

Kwa hiyo nne zangu ni hizi: ya 7, ya 8, ya 6 iliyokatwa wingu (karibu na mlango, dada amekubali baada ya kusoma maneno ya Mwana wa Mvuvi), na ya nne nimeiacha wazi kwa ajili ya Kakamega. Mwezi ujao nina sare za kwaya za kupeleka huko. Msitu Asubuhi, nitakutafuta, nataka ule mti wenye mizizi. Flamingo, jiwe na mbega wa zamani wametoka. Machweo nimeyachapisha madogo, niyaweke juu ya cherehani yangu, kwa sababu bado nayapenda.

Kwa ukutani nafikiria A3 zote. Mnaonaje ya 7?

---

Mwana wa Mvuvi

Nimeijua mashua hiyo. Picha hii wataigombania. Kitu kimoja tu: ncha ya tanga upande wa kushoto iko karibu sana na ukingo. Una nyingine yenye nafasi zaidi?

---

Fundi wa Kibuye

Ninayo, lakini ndani ya hiyo amefumba macho. Nataka hii.

---

Chapa Safi

Basi usichape kwenye A3. Picha ya kamera yako ina uwiano wa tatu kwa mbili, A3 ni fupi kidogo kuliko hivyo. Mashine ikijaza karatasi itakata pembeni, kushoto na kulia, na ncha ya tanga itakwenda. Omba karatasi ya inchi 12 kwa 18, uwiano wake ni sawasawa na wa kamera, hakuna kitakachokatwa. Na mwambie fundi wa fremu aache ile karatasi nene ya pembeni isipande juu ya picha hata kidogo upande wa kushoto.